Meza Ndani ya Tangi

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Nyuzi kwenye mlango wa kiwanda cha nguo kilichogeuzwa mahali pa kula, kunywa na kucheza, kadi namba 417 mkononi. Tumrudie hapo hapo, maana hajasogea hata hatua moja.

Kadi ilikuwa ya mumewe wa kwanza. Yule waliyemwita Mrefu. Aliingia zamu ya asubuhi siku ya Ijumaa, miaka kumi na tisa iliyopita, na hakuonekana tena.

Na kadi ilisema alitoka.

Saa kumi na dakika mbili alasiri. Wino wa zambarau ulikuwa umefifia, lakini ulisomeka.

Kwa hiyo ni kweli, aliwaza Mama Nyuzi. Alitoka. Alitembea kwa miguu yake akapita geti hili, akaniacha na mtoto.

Maneno ya msimamizi wa zamu yalimrudia kama yamesemwa jana. Alikuwa amekwenda getini siku ya Jumatatu, amemshika mtoto mkono, kumuulizia mumewe. Msimamizi hata kiti hakumpa. Alimjibu mbele ya wafanyakazi wote: "Kadi yake inaonyesha alitoka. Kama hakufika kwako, kawaulize wanawake wenzako."

Watu walicheka. Wengine walikuwa mashoga zake.

Tangu siku hiyo akawa "yule aliyekimbiwa". Hakuna aliyempa pole, kwa sababu mke wa mwanamume aliyekimbia hapewi pole. Hakuna aliyemlilia Mrefu. Mama Nyuzi mwenyewe alichoma mashati yake nyuma ya nyumba, moja baada ya jingine, akimlaani kwa kila kifungo kilichopasuka motoni.

Lakini moyoni alibakiza kitu kidogo sana. Huenda walidanganya. Huenda hakuna kadi.

Sasa kadi hii hapa.

"Mama yangu, umechagua kadi nzuri!"

Aliyesema ni meneja wa mahali pale, kijana aliyevaa viatu vya ngozi bila soksi, uso umejaa tabasamu la kazini.

"Hizo ni halisi kabisa, siyo za kuchapisha. Tulizikuta stoo, maboksi na maboksi. Wageni wanazipenda!"

"Unamjua mwenyewe?" Mama Nyuzi aliuliza.

"Nani?"

"Mwenye kadi."

"Aa, mama! Hao walishajiendea zamani. Sisi hapa tunafurahi tu. Lete nikupigie, ndiyo tiketi yako ya kuingilia."

Kabla hajakataa, meneja aliichukua kadi akaitumbukiza kwenye saa ya chuma iliyokuwa ukutani. Saa ile ile. Ikatoa mlio ule ule, krak, kama jino linalong'olewa.

"Karibu kazini! Usichelewe tena, bosi mkali!"

Alicheka. Mzaha huo aliurudia mara mia mbili kwa siku na bado ulimchekesha.

Mama Nyuzi alirudishiwa kadi. Aliitazama mihuri. Ule mpya, wa leo, ulikuwa umenyooka. Ya Jumatatu ya wiki ile, ya kuingia na ya kutoka, imenyooka. Jumanne, imenyooka. Jumatano na Alhamisi, imenyooka. Ijumaa kuingia, umenyooka.

Ijumaa kutoka, umepinda.

Umeinama kushoto, mkia chini, kama nguo iliyobanwa kibanio kimoja kwenye kamba.

Msomaji, mimi na wewe tungepita tu. Lakini huyu alikuwa mfumaji miaka kumi na mmoja. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya jora linalokimbia na kuuona uzi mmoja uliokwenda upande. Jicho la namna hiyo halistaafu.

Alirudisha macho ukutani, kwenye safu za kadi. Kando ya nafasi ya 417 kulikuwa na 418. Akaichomoa.

Mihuri yote ya kadi hiyo ilikuwa imepinda. Kuingia, kutoka, wiki nzima. Yote imeinama kushoto, mkia chini.

Na Mama Nyuzi alimjua mwenye 418. Usiku wa jana alilala kitanda kimoja naye.

*

Upande wa pili wa ukumbi, muziki ukiwa juu, binti yake alikuwa akimpungia mkono. Hakujisumbua kupaza sauti. Alichezesha midomo tu, bila sauti, taratibu: Mama, njoo, tunakusubiri.

Wafumaji wote walizungumza hivyo. Mashine mia mbili zikinguruma pamoja, sauti ya mtu haifiki hata kwenye sikio lake mwenyewe, basi walisemezana kwa midomo na macho, na umbea wote wa kiwanda ulipita kimya kimya juu ya nyuzi. Mama Nyuzi aliihamishia lugha hiyo nyumbani. Alimkemea mwanawe mbele ya wageni bila mgeni kujua. Mtoto aliisoma midomo kabla ya kusoma herufi.

Leo mtoto huyo anatimiza miaka ishirini na mitano. Ni yeye aliyetaka waje. "Nataka nione mlipokuwa mkifanya kazi," alisema. "Sasa hivi watu wote wanakwenda huko."

Kando yake alisimama mwanamume mnene, mtulivu, mkono wa kulia mfukoni. Binti anamwita Baba. Mtaa mzima unamwita Fundi Mvuke, kwa sababu katika kiwanda hiki ndiye aliyekuwa akifungua na kufunga mvuke. Alikuwa rafiki wa Mrefu, ambaye kazi yake ilikuwa kwenye matangi ya kupikia vitambaa. Waliajiriwa siku moja, wakapewa namba zinazofuatana. Mrefu alipotoweka, yeye ndiye aliyeziba paa la Mama Nyuzi lilipovuja. Yeye ndiye aliyemwambia, akiwa ameinamisha kichwa, kwamba alimwona Mrefu kwa macho yake akipanda lori na begi. "Mtu wa hivyo si wa kusubiriwa," alisema. Mwaka wa sita, Mama Nyuzi aliacha kusubiri, akaolewa naye.

Mkono wake wa kulia una vidole vitatu. Kidole cha shahada na cha kati vililiwa na mashine mwezi wake wa kwanza kazini. Ndiyo maana alipopiga kadi, ilizama upande.

Mama Nyuzi alizitia kadi zote mbili kwenye mkoba, akawaendea.

"Mama, mbona umekuwa mweupe hivyo?" binti aliuliza.

"Vumbi la pamba."

"Pamba gani? Hapa hakuna pamba tangu nikiwa shule ya msingi!"

Fundi Mvuke alikohoa. "Nimepata meza ya nje, chini ya kivuli. Kuna hewa. Tukakae huko."

"Baba! Nimeweka nafasi wiki tatu zilizopita. Tangi Namba Mbili. Watu wanagombania meza hiyo!"

"Sasa mimi na uzee huu nikakae ndani ya chungu kama nyama?"

"Nyama yenyewe ngumu," binti alicheka. "Hutaiva."

Fundi Mvuke hakucheka.

"Mke wangu," alisema, "mwambie mwanao. Wewe mwenyewe hupendi kubanwa."

Mama Nyuzi alimtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu ashike zile kadi.

"Leo napenda," alisema. "Tukae ndani."

*

Walivuka ukumbi wa kufumia. Mashine zilikuwa zimeng'olewa, zikabakizwa nne tu, zikawekewa vioo juu na kugeuzwa kaunta. Wahudumu walivaa ovaroli za buluu zenye namba kifuani, safi, zisizo na doa. Mteremko uliokuwa ukishushia marobota sasa uliteremsha watoto, wakipiga mayowe. Kwenye ghala watu wazima walivingirisha matufe mazito kuangusha vigingi, wakirukaruka kwa furaha. Ubaoni yaliandikwa majina ya vinywaji: Zamu ya Pili. Bosi Kaondoka. Ajali Kazini.

"Hicho cha mwisho kitamu sana," mhudumu alimdokeza binti. "Chekundu."

Saa kumi kamili, king'ora kikalia.

Kilikuwa king'ora kile kile cha kumaliza zamu. Sasa kilitangaza kwamba kwa muda wa robo saa ukiagiza glasi moja unaletewa mbili, na wageni wote walishangilia.

Wawili tu hawakushangilia. Mama Nyuzi alijikuta ameanza kufungua aproni asiyoivaa. Fundi Mvuke alijikuta amenyoosha mkono wa vidole vitatu kwenda ukutani, penye bomba, kushika gurudumu la valvu lililokwisha kuondolewa. Mkono ulibaki hewani.

Mama Nyuzi aliuona.

*

Tangi Namba Mbili lilikuwa pipa la chuma lenye ukubwa wa chumba cha kulala. Walikuwa wamelikata mlango ubavuni na dirisha la duara upande wa pili, wakaweka meza, viti na taa za rangi. Mfuniko wa zamani ulibaki juu, umening'inia kwa mnyororo.

Fundi Mvuke alisimama mlangoni. Jasho lilimtiririka kando ya masikio.

"Ingia, Baba, unazuia njia."

"Naingia."

Hakuingia. Ilibidi binti amsukume mgongoni kwa viganja viwili, akicheka, kama mtu anayesukuma kabati.

Meneja alifika mwenyewe kuwaeleza. Aliipenda hadithi yake.

"Humu ndimo walimokuwa wakipikia vitambaa. Tani mbili kwa mara moja! Maji ya moto, dawa, mvuke, siku mbili usiku na mchana. Vikitoka vimekuwa vyeupe pe! Sasa tunawapika ninyi." Alionyesha nyundo ndogo iliyofungwa kwa mnyororo pembeni ya meza. "Mkitaka huduma, msiite. Gongeni ukuta mara tatu. Chuma hiki kinasikika kiwanda kizima."

"Kinasikika?" Mama Nyuzi aliuliza.

"Sana, mama."

"Hata mtu akiwa nje pale, kwenye valvu ya mvuke?"

"Hapo ndiyo kabisa! Hata kiziwi angesikia."

"Asante, mwanangu," alisema Mama Nyuzi. "Nilitaka tu kujua."

Fundi Mvuke alimimina maji. Nusu yaliingia kwenye glasi.

"Na kwa sababu dada ana siku ya kuzaliwa," meneja aliendelea, akirudi nyuma, "tuna zawadi ndogo. Msiogope!"

Akafunga mlango.

Taa zikapunguzwa. Kutoka kwenye mabomba ya zamani, karibu na miguu yao, moshi mweupe ukaanza kupanda. Ulikuwa moshi wa maonyesho, baridi, usiodhuru hata nzi. Kisha spika ikafunguka juu ya vichwa vyao, wimbo wa kumpongeza mwenye siku yake, kwa sauti ya kupasua ngoma za masikio.

Binti alipiga kelele za furaha ambazo hakuna aliyezisikia. Akachukua nyundo. Akagonga ukuta, mara tatu.

Fundi Mvuke aliruka, kiti kikaanguka.

"Fungua!" Alijitupa kwenye mlango, akaupiga kwa viganja. Sauti yake ilipita hata juu ya wimbo. "Fungua! Fungua, kuna mtu ndani!"

Binti alijishika mbavu kwa kicheko. Alidhani ni mchezo. Baba yake huyu, mzito wa kucheka, hatimaye amechangamka. Akatoa simu, akawapa mgongo, akainyanyua juu ili awapate wote watatu kwenye picha inayotembea.

"Endelea hivyo hivyo, Baba!"

Mama Nyuzi alikiinua kiti kilichoanguka. Alimshika mumewe bega, akamkalisha. Kisha akafungua mkoba, akaweka kadi mbili mezani, kando kwa kando.

Akahakikisha binti amewapa mgongo. Akaanza kusema kwa midomo.

*

"Nani alimpigia kadi?"

"Kadi gani?" Midomo ya Fundi Mvuke ilikuwa mikavu.

Mama Nyuzi aliweka kidole kwenye muhuri uliopinda. Kisha akakihamishia kwenye kadi 418, muhuri baada ya muhuri, polepole, kama mwalimu anayemwonyesha mtoto.

Fundi Mvuke aliutazama mkono wake wa vidole vitatu, kana kwamba ndio uliomsaliti.

Kupigiana kadi lilikuwa jambo la kila siku. King'ora kikilia na mtu hajamaliza shughuli yake, mwenzake alimpigia, asije akakutwa ndani baada ya zamu bila kibali. Aliyekutwa alifukuzwa. Kila mmoja alimfanyia mwenzake, wala hakuna aliyeona ni kosa.

"Aliniomba," midomo ilisema. "Alisema anabaki dakika tano tu."

"Kufanya nini?"

"Alikuwa ameficha kipande cha kitambaa. Humu. Tangi lilikuwa kavu wiki nzima, tukajua hakuna atakayechungulia."

"Kitambaa gani?"

Fundi Mvuke aliinua macho, akautazama mgongo wa binti.

"Chekundu. Cha gauni. Mtoto alikuwa anatimiza miaka sita kesho yake."

Wimbo ulifika mwisho, ukaanza upya. Moshi ulikuwa umefika viunoni.

"Endelea," Mama Nyuzi alisema.

"Msimamizi akaja. Kazi ya haraka, alisema, tangi lijazwe, lichemke mpaka Jumapili. Akaniuliza: kadi za watu wa tangi zimetoka zote? Nikajibu zote."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mahali pale, msomaji. Hakuna aliyechungulia ndani ya tangi. Lilikuwa refu na ngazi ilikuwa mbali. Walitazama kadi. Kadi zikiwa zimetoka, watu wametoka.

"Tukashusha mfuniko. Nikafungua mvuke."

"Ulijua yumo."

"Nilidhani ameshapita mlango wa nyuma."

"Ulidhani." Mama Nyuzi alichukua nyundo. Hakuinyanyua. Aliisukuma tu juu ya meza mpaka ikagusa vidole vitatu vya mumewe. "Aligonga?"

Fundi Mvuke alifumba macho. Mama Nyuzi alimshika kidevu, maana midomo haisomeki mtu akiinama.

"Aligonga?"

"Aligonga."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Mara ngapi, Fundi?"

"Mpaka alipoacha."

Mama Nyuzi aliirudisha nyundo mahali pake. Kwenye kuta za tangi taa za rangi zilizunguka, kijani, njano, waridi.

"Msimamizi hakusikia?"

"Alisikia. Akauliza kelele gani hiyo. Nikamwambia ni bomba. Mvuke ukiingia bomba baridi hupiga kelele. Ni kweli hupiga."

"Kwa nini?"

"Ningefungua mfuniko angejua nimempigia kadi. Tungefukuzwa wote wawili."

"Wote wawili," alirudia Mama Nyuzi. "Kumbe ulikuwa unamlindia kazi yake."

Fundi Mvuke alianza kulia. Kwenye moshi hakuna ambaye angejua.

"Na lile lori?"

Alitikisa kichwa. Halikuwepo lori.

"Na mimi? Siku hiyo, ulikuwa umeshanitaka?"

Hapo midomo ya Fundi Mvuke haikutikisika kabisa. Mama Nyuzi alisubiri. Katika ukumbi wa kufumia, mtu aliyefunga midomo alikuwa amekwisha kujibu.

Alikumbuka mashati aliyoyachoma. Yalikuwa saba. La mwisho lilikuwa jeupe, la kuvaa siku za mapumziko, lenye mikono mirefu mno kwa mtu mwingine yeyote. Alikuwa amelitemea mate kabla ya kulitupa motoni. Kwa miaka kumi na tisa aliona kwamba alifanya vyema.

Alibakiwa na swali moja tu. Alikuwa ameingia humu kwa ajili yake, na hangetoka bila jibu.

"Yuko wapi?"

"Nilimtoa mwenyewe, usiku wa Jumapili," midomo ilisema, kisha ikaacha. Alinyanyua kidevu, akaelekeza kwenye dirisha la duara.

Nje, mahali palipokuwa na shimo la kumwagia majivu ya boila, sasa palikuwa na uwanja wa watoto. Shimo lilikuwa limejazwa mchanga mweupe na kuzungushiwa magurudumu yaliyopakwa rangi. Watoto wanane au tisa walikuwa wakichezea humo. Walikuwa wamemfukia mwenzao mpaka kifuani, na wote wanacheka, na aliyefukiwa anacheka kuwashinda.

*

Wimbo ukakatika. Moshi ukaanza kushuka.

Binti alikuwa bado amewapa mgongo.

Simu ilikuwa bado juu, mkono umenyooka, haitikisiki. Mama Nyuzi alitazama kioo chake, akajiona humo, na kando yake akamwona Fundi Mvuke, wadogo lakini wazi, midomo yao wazi. Na mbele yao wote wawili ulikuwa uso wa mwanawe.

Haukuwa unacheka. Haukuwa umecheka kwa muda mrefu.

Alikuwa akiwatazama tangu mwanzo. Midomo aliyoisoma kabla ya herufi, ameisoma yote, neno kwa neno, kwenye kioo cha simu. Pembeni, kidoa chekundu kilikuwa kinawaka na kuzimika. Simu ilikuwa imeshika kila kitu.

"Mwanangu," Mama Nyuzi alisema kwa sauti.

Binti aligeuka. Aliishusha simu mpaka ikawa usawa wa uso wa mwanamume aliyemlea.

"Rudia, Baba," alisema. "Mara hii kwa sauti. Simu haisomi midomo."

"Mwanangu, mimi nimekulea. Nimekusomesha. Viatu vyako vya kwanza vya shule..."

"Siulizi viatu. Rudia ulichosema kuhusu gauni."

Fundi Mvuke alinyanyuka kitini. Aliugeukia mlango, bado umefungwa. Akamgeukia mkewe, kama alivyozoea anapotaka kutetewa.

Mama Nyuzi alichukua nyundo.

Aligonga ukuta. Mara moja. Fundi Mvuke akaziba masikio. Mara ya pili. Mara ya tatu, kwa nguvu zote za mwanamke aliyevuta majora miaka kumi na mmoja. Chuma kikaitika kiwanda kizima. Nje, watu waliokuwa wakivingirisha matufe waligeuza shingo.

Mlango ukafunguka upesi. Meneja aliingia na keki mikononi, mishumaa imewashwa, tabasamu lake mbele yake.

"Mmegonga! Mnaona tunavyosikia haraka? Niwaletee nini, mama yangu?"

"Jembe," alisema Mama Nyuzi.

Meneja alicheka kidogo. Akawatazama wote watatu, akisubiri wenzake wamsaidie kucheka.

"Jembe... Ni kinywaji hicho, mama? Kwenye orodha yetu hatuna, lakini kama ni mchanganyiko unaoujua..."

"Jembe la kulimia. Lenye mpini. Na wale watoto waambie watoke kwenye mchanga, taratibu, usiwatishe. Mume wangu yumo humo chini."

Nta ya mshumaa ilidondokea kidole cha meneja. Hakuitikisa.

Ndipo Fundi Mvuke alipoondoa mikono masikioni. Alizungumza kwa sauti, akiitazama simu, na sauti yenyewe ilikuwa tulivu kama ya mtu anayeagiza chakula.

"Lete mawili, kijana," alisema. "Mrefu hayuko peke yake."